Lauchlin Hector Beaton, Mwigizaji Asiyeaga

Marehemu Lauchlin Hector Beaton alizaliwa tarehe 19 Novemba 1941 hapa Inverness, kisiwani Cape Breton, Kanada, wakati baba yake, mzee Hector, akiwa chini ya bahari akichimba makaa ya mawe. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake, Bi. Sadie, alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule hakulia. Alitega sikio tu, kama anayesikiliza sururu ya baba yake kutoka huko chini ya maji. Bi. Sadie alipenda kutia chumvi, lakini Lauchlin aliamini hadithi hiyo maisha yake yote, na mdogo wake Flora, anayewasomea wasifu huu, hakuwahi kuwa na moyo wa kumbishia.

Alisoma shule ya masista hapa mjini hadi mwaka 1959. Hesabu zilimpiga chenga, ila sauti ya mtu akiisikia mara moja ilikuwa yake. Jirani yao Dan Rory alipofariki, Lauchlin, akiwa na miaka kumi na miwili, alijisahau akaigiza kikohozi na maneno ya marehemu jikoni kwao, mjane akiwa pale pale. Mama yake akamkata jicho. Lakini mjane, Bi. Peigi, akasema, "Mwache, Sadie. Hebu rudia, mwanangu. Niulize tena kama yeye, 'Chai yangu iko wapi?'" Akarudia mpaka chai yenyewe ikapoa, na ukungu ukapanda kutoka baharini ukafunika madirisha.

Mwaka 1960 alikwenda Montreal kusomea uigizaji, kisha akapanda majukwaa ya Ontario kwa misimu thelathini na mmoja, katika tamthilia zile za kale. Alikuwa mfalme, mfalme aliyepinduliwa, na mzimu wa mfalme. Nyumbani hata mbwa hakumtii. Filamu nazo zilimwita, lakini wengi wenu mlimjua kama yule nahodha wa kwenye televisheni. Dukani mlimpigia saluti, naye akaipokea kwa uso mkavu, mfuko wa viazi kwapani.

Waigizaji wa shule yake ya Montreal wana mwiko mmoja. Katika mazoezi, mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi. Unangoja siku watazamaji wamekaa. Ukiutamka mbele ya viti vitupu umejiitia mkosi. Lauchlin aliubeba mwiko huo mpaka kanisani. Alifunga ndoa na Jeannette Chiasson, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, tarehe 15 Agosti 1970 huko Chéticamp. Siku moja kabla, walipofanya mazoezi ya ibada, bwana harusi alifika kwenye neno la kukubali akanyamaza kimya. Mama wa bibi harusi alishika ukuta.

"Wewe kijana," Padri Aucoin akauliza, "unamtaka au humtaka?"

"Namtaka sana, Padri. Lakini kesho, watu wakiwepo."

"Mwacheni," Jeannette akasema huku akicheka. "Ndivyo alivyo huyu."

Walijaliwa watoto wawili, Una na Neil. Mwiko ule uliochekesha kanisani haukuchekesha nyumbani. Lauchlin hakuwahi kumwambia mtu kwaheri. Akienda kupiga filamu, watoto waliamka wakakuta koti lake halipo. Jeannette alipofariki mwaka 2016, Lauchlin alisimama kando ya kaburi kama mtu aliye ndotoni, kisha akageuka akaondoka bila neno. Neil alimfuata hadi langoni. "Hata mama humuagi, baba?" Baba yake akafungua lango akatoka. Neil akarudi Yellowknife, kaskazini ya mbali alikoishi, na kwa zaidi ya miaka saba hakupiga simu. Jambo hilo liliiumiza familia kuliko kifo chenyewe.

Mapafu ya Lauchlin yalianza kudhoofu mwaka 2021, akarudi kuishi na Flora. Wiki yake ya mwisho theluji ilifunika nyumba hadi madirishani, na mwanga ndani ukawa wa buluu, kama wa chini ya maji. Una alikuwa amempigia ndugu yake simu aje. Kila akizinduka, mgonjwa aliuliza, "Kiti cha nani kitupu?"

"Cha Neil, baba."

"Basi bado."

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, Neil aliletwa mlangoni na gari la kuzoa theluji.

"Funga mlango, baridi inaingia," baba yake akasema. Kisha akamshika mkono. "Mama yako sikumuaga kwa sababu sikutaka uwe mwisho wake. Nilikosea, mwanangu. Kwaheri."

"Kwaheri, baba," Neil akasema, akalia kama mtoto. Alasiri hiyo hiyo Lauchlin alilala, hakuamka tena.

Ameacha watoto wake Una na Neil, wajukuu watatu, mdogo wake Flora, na mbwa asiyetii mtu.

Flora ameusoma wasifu huu jikoni mara nyingi, na kila mara aliishia hapa. Maneno yaliyobaki hayajatamkwa hadi leo, kwa kuwa leo mmekuja nyote na hakuna kiti kitupu.

Kwaheri, Lauchlin. Pumzika kwa amani.