Naftali Lugano Adagala, Msomi wa Siasa Tuliyemwandika Darasa la Nane

Mama yetu mpendwa, Beverly na watoto, pasta, ndugu wa kanisa la Friends na majirani wote mliokusanyika hapo Kegondi leo Jumamosi tarehe 26 Aprili 2025, nanyi wenzangu mliobanana nami katika chumba hiki cha Al-Shumaisi, hapa Riyadh, mimi ni Jerusha, dada mkubwa wa marehemu, na nimepewa heshima ya kusoma historia yake kupitia simu hii ambayo huko nyumbani imewekwa kwenye kipaza sauti. Naomba radhi mapema. Karatasi mliyogawiwa langoni inasema ndugu yangu alikuwa mshauri wa sera katika ofisi kubwa ya Riyadh, na hayo sitayasoma, kwa sababu si kweli, na kwa sababu Mourine, kitinda mimba wetu, ana tiketi ya kuja huku tarehe 4 Mei akiyaamini.

Naftali alizaliwa Jumatano tarehe 11 Machi 1992, hapo hapo Kegondi, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Absalom Adagala na Mama Roselyne Kageha, akasoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia 1998 hadi 2005, kisha sekondari mjini Chavakali hadi 2009, na Septemba 2011 akajiunga na chuo kikuu Eldoret, ambako alihitimu tarehe 11 Desemba 2015 na shahada ya sayansi ya siasa na sera za umma, daraja la pili la juu. Wengi wenu mlikula wali siku hiyo uani kwetu, mkamwita Mheshimiwa, naye akacheka, lakini mimi nilimjua, aliamini.

Wahadhiri walikuwa wamemwambia kwamba shahada hiyo ina njia nyingi, utumishi wa umma, ubalozi, utafiti, mashirika, hata siasa zenyewe, na Naftali alizijaribu zote: mwaka 2016 alijitolea miezi sita katika ofisi moja mjini Mbale, ambako alitumwa chai na fotokopi, akafanya usaili wa msimamizi wa wadi mara tatu, Agosti 2017 akawa karani wa uchaguzi kwa siku chache, akamwandikia mgombea mmoja wa udiwani manifesto nzima, na mgombea aliposhinda hakushika tena simu yake, akahesabu watu katika sensa ya Agosti 2019, na sensa ilipokwisha akarudi nyumbani kukaa. Barua za maombi alizipeleka mpaka karani wa posta Chavakali akawa rafiki yake.

Tarehe 16 Desemba 2017 alifunga ndoa na Beverly Musimbi, wakajaliwa watoto wawili, Derrick aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2018 na Pauline aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2021, ambaye baba yake alimwacha akiwa wa miezi minne, na tangu hapo walijuana kwa simu tu.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na kama ningetaka kuparuka hapa nisingesimama mbele yenu. Nilikuwa nimefika Riyadh tangu 2017, nikifanya kazi za nyumbani Al-Suwaidi, na nilijua kile ambacho sisi tulio huku huelekezana kila siku, kwamba wakala hataki msomi, eti msomi hubishana na kudai haki, basi Agosti 2021 nilimpigia ndugu yangu nikamwambia aondoe shahada, aondoe na sekondari, ajaze kwamba aliishia darasa la nane. Kisha akajaza, na visa ikatoka baada ya wiki tatu.

Alianza kazi tarehe 5 Oktoba 2021 huko huko Al-Suwaidi, dereva wa nyumbani, akiwapeleka watoto shuleni, madam sokoni na bosi mikutanoni, na kusema haki kafili wake, yaani huyo bosi aliyemdhamini nchini, hakuwa mtu mbaya, alimpa chumba kizuri na mapumziko ya Ijumaa. Lakini kila Mama alipomuuliza anafanya kazi gani, Naftali aliona haya, akajibu kwamba anasaidia mambo ya sera, nanyi kanisani mkamwongezea cheo, nami nikijua yote nikanyamaza.

Mei 2024 jirani wa bosi, mwenye ofisi ya utafiti, alimsikia akiwaeleza watoto wa bosi kwa Kiingereza namna Umoja wa Mataifa unavyopiga kura, akastaajabu, akampa mtihani wa kuandika, kisha akamwahidi kazi ya mtafiti msaidizi, mradi cheti kiletwe na ikama, kibali chake cha ukaazi, ihamishwe. Naftali alinipigia akilia kwa furaha, na Beverly akatuma cheti mbio. Siku alipokiweka mezani, kafili alikisoma mara mbili, akatoa ile fomu ya darasa la nane akailaza kando yake, na uso ukambadilika, maana kwake mtu aliyesomea siasa, akaificha, kisha akakaa karibu miaka mitatu garini akisikia simu zake zote, huyo si dereva, ni mpelelezi. Naftali alijieleza kwa Kiarabu chake chote, madam naye akamtetea, lakini bosi alisema halas, uhamisho mafi, yaani basi, hakuna uhamisho, na tarehe 2 Juni 2024 akaripoti kwamba mfanyakazi wake ametoroka, wakati Naftali bado yuko chumbani anakunja nguo. Yule jirani naye alikaa kimya tangu siku hiyo.

Bila ikama halali alikimbilia Jeddah, mtaa wa Karantina, akapokewa na Dalmas na Fred waliokuwa wakiosha magari, akaosha nao, na huko, jamani, ndiko alikofanya kazi aliyoisomea, kwa kuwa kila mwenye shida alimjia amwandikie barua, kwa ubalozi au ofisi ya kazi, naye aliziandika juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitaja sheria kwa vifungu vyake. Miriam, mfanyakazi mwenzetu, alinyimwa pasipoti na mwajiri wake miezi saba, na leo ameketi hapa kando yangu akiwa nayo mkobani kwa sababu ya barua hizo.

Januari 2025 miguu ilianza kumvimba, akaogopa kwenda hospitali asije akakamatwa, akawa anameza dawa za maumivu tu, hadi tarehe 2 Machi Dalmas na Fred walipombeba kwa nguvu, na madaktari wakakuta figo zimekwisha. Aliaga dunia Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, saa tano asubuhi, akiwa na miaka thelathini na tatu na siku nne. Ili mwili usafirishwe ilihitajika sahihi ya kafili, naye akaitia kwa siku moja tu, sahihi ile ile tuliyomlilia miezi tisa afute ripoti ya kutoroka ili ndugu yetu aishi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Jeddah, waliomtibu kwanza ndipo wakauliza karatasi, Dalmas na Fred, majirani wa Karantina, wafanyakazi wenzetu wa Riyadh waliohangaikia safari ya mwili, na ninyi mliochimba kaburi tangu alfajiri.

Mourine, najua umefuzu shahada ile ile Desemba iliyopita, najua umejaza darasa la nane, najua hushiki tena simu zangu kwa kuwa unadhani nakuzibia riziki, wala sina kazi ya kukupa badala yake, kweli sina, ila nimekwisha kuzika mmoja kwa ushauri wangu na wa pili sitamweza. Mama, ukinikasirikia leo, ni haki yako.

Naftali, ndugu yangu, umehangaika vya kutosha, pumzika sasa kwa amani. Nimefika mwisho wa kusoma, na nimemwomba pasta ampe Mourine simu mkononi, mbele yenu nyote. Sikati. Nasubiri anijibu.