Honi wa Bendi ya Paa Linavuja na Albamu Yake ya Kwanza

Ndugu, jamaa na marafiki, pamoja na ninyi mliokuwa mkimwita marehemu mpiga kelele na leo mmevaa miwani myeusi, familia inawashukuru kwa kufika, inawaomba mzime simu, na inawafahamisha kwamba historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, aliyechaguliwa kwa sababu ukimtoa marehemu hakuna mwingine katika ukoo huu mwenye sauti ya maana, na anayebisha asimame sasa hivi.

Marehemu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Honi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na gereji ya malori, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa dereva wa lori, ambaye ametangulia, na mshonaji wa sare za shule, ambaye ndiye mama yetu aliyekaa pale mbele, na jina hilo alipewa na mafundi wa gereji siku hiyohiyo, maana alipolia walidhani kuna gari linarudi nyuma, wakasogea pembeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1991, akafaulu kwenda sekondari mwaka 1998, na akaishia kidato cha pili baada ya kutunga wimbo kuhusu suruali ya mwalimu mkuu, wimbo ambao shule nzima iliuimba kwenye gwaride, na mwalimu mkuu mwenyewe akaupigia mguu mpaka alipoyasikia maneno. Wenye vyeti mtatusamehe, lakini hakuna cheti chenu hata kimoja kilichowahi kuimbwa na shule nzima.

Mwaka 2000 alichukuliwa na mjomba wetu, fundi wa kuezeka, akajifunza kupiga mabati, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomshusha, na alikuwa akiimba hukohuko juu huku misumari imebanwa mdomoni, hata akina mama wakatoka nje kusikiliza, na mwenye nyumba akadhani wamekuja kukagua paa lake. Mapaa aliyoezeka hayakuvuja, na ndiyo sababu bendi aliyoianzisha mwaka 2014 na kinyozi wake, mpiga kodiani, aliipa jina la Paa Linavuja, ili kuwaudhi mafundi wenzake tu, basi. Walichukua nyimbo za bibi zetu, zile za kupukuchua mahindi na kubembeleza watoto, wakazifunga kwenye gitaa la umeme na ngoma nzito, wakazitia maneno yao kuhusu mama mkwe aliyefunga geti na mbuzi aliyekula cheti cha ndoa, na watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 2011 na muuzaji wa duka la vitambaa, ambaye amesema mwenyewe kwamba alichompendea ni sauti, maana sura mnaiona hapo pichani, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti mwaka 2012 na kijana mwaka 2016, ambao wote walilazwa kila siku kwa nyimbo zilezile za bibi, bila gitaa na bila utani.

Mwezi Januari 2023 bendi ilianza kurekodi albamu yake ya kwanza, waliyoiita Samahani kwa Kelele, katika chumba kilicho juu ya saluni ya kinyozi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magodoro, na hadi Aprili nyimbo nne zilikuwa tayari, zikiwa na ile sauti mnayoikumbuka, safi kama bati jipya. Mwezi Juni sauti ilianza kukwaruza. Mtu mwingine angeshtuka, lakini hawa kazi yao ilikuwa kuchekesha, na marehemu alipoimba wimbo wa mama mkwe kwa sauti ile ya mlango mbovu, kinyozi alianguka chini kwa kicheko, fundi mitambo aliyekuwa akiwarekodi akalia machozi, na wote wakakubaliana kwamba hiyo ndiyo sauti ambayo bendi ilikuwa ikiitafuta miaka yote. Wakaamua kuzirudia zile nyimbo nne ili albamu nzima ifanane, na fundi mitambo alipouliza afanye nini na zile za mwanzo, kwa kuwa mashine ilikuwa imejaa, marehemu alimjibu, "Futa, kaka, huyo jamaa wa zamani hachekeshi," naye akafuta.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Mke wake alisikia watoto wakilazwa kwa sauti ile, akamwambia aende hospitali, naye akamjibu kwamba ni vumbi la mabati, akamwambia tena, akajibiwa kwa wimbo, mpaka tarehe 19 Septemba alipomshika mkono na kumpeleka mwenyewe. Daktari aliwaambia bila kuzunguka kwamba ni saratani ya koo, kwamba upasuaji ukifanyika mapema ataishi, na kwamba sauti itaondoka yote. Marehemu aliuliza kama daktari anaweza kumwachia kipande cha kuimbia kiitikio. Daktari alicheka, mpaka alipoona mke hacheki.

Zilikuwa zimebaki nyimbo mbili. Marehemu aliomba muda wa kuzimaliza, na mke wake akamwambia mbele ya kinyozi, "Baba watoto, mimi sikuolewa na albamu, nilikwambia nakupendea sauti, sasa nakwambia baki bubu, baki hivyohivyo, nitakupenda," naye akamjibu, "Wiki mbili, mama, wiki mbili tu." Wiki hizo zilifika Desemba, kwa sababu sauti ilikuwa ikitoka kidogo asubuhi kisha inakata, na kinyozi alikuwa akimshikilia kikombe cha maji ya moto kati ya ubeti na ubeti, na hapo tena hakuna aliyeanguka kwa kicheko.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 11 Januari 2024, na madaktari wakakuta ugonjwa umeshashuka kwenye mapafu.

Albamu ilizinduliwa tarehe 30 Machi katika ukumbi wa chama cha mafundi, na marehemu alipanda jukwaani akiwa amejifunga skafu shingoni, nyimbo zikapigwa kwenye spika, naye akafuata maneno kwa midomo, na watu, ambao hawakuambiwa lolote kwa sababu yeye mwenyewe alikataa waambiwe, walidhani ni kichekesho kipya, wakapiga kelele, "Honi, toa sauti! Acha usanii! Imba kweli!" Walivyozidi alifungua skafu, akawaonyesha tundu la kupumulia aliloachiwa kooni na upasuaji. Walioko mbele walinyamaza papo hapo, walioko nyuma hawakuona, wakaendelea kucheka, na kicheko hicho ndicho alichokiinamia kwa shukrani, mpaka mke wake alipopanda jukwaani na kumfunga skafu upya.

Alifariki tarehe 17 Juni 2024, saa kumi alasiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka arobaini, mke wake akiwa amemshika mkono na binti yake akimwimbia wimbo wa kubembelezea watoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliopokezana kumwogesha, mafundi wenzake walioezeka hema hili tangu alfajiri, na bendi yake, hasa kinyozi, aliyemnyoa jana kwa mara ya mwisho na hakuweza kumaliza, ikabidi mama yetu amalizie.

Kuna waliouliza kama albamu itapigwa makaburini, na bendi imekuja na spika zake. Mke wake ameomba isipigwe, na hajaomba kwa hasira, amesema tu kwamba sauti aliyoolewa nayo haimo humo, waliifuta, na hii iliyomo ni ya ule ugonjwa, na ugonjwa hautamsindikiza mume wake. Familia imekubaliana naye, na bendi pia imekubali, kwa hiyo tutamsindikiza kimya, wote, hata sisi tusiojua kunyamaza.

Honi, kaka, barabara ni yako, hakuna wa kumpigia honi, nenda ukapumzike kwa amani.