Ambrose Yuko Wapi Kwenye Mahindi Haya?

Kijiwe chetu ni gogo la mwaloni nje ya lango la ngome, upande wa mtoni, na kinachotukalisha hapo ni sufuria la mizizi ya porini inayochemka tangu asubuhi, maana bia tuliyokuja nayo kutoka London iliisha zamani na ya hapa hatujajua kuipika. Siku hiyo utani ulikuwa mgumu. Meli ilikuwa imetia nanga mchana, na kati ya walioshuka alikuwamo Tamsini, mke wa Ambrose Pell, fundi wetu wa kuezeka. Ambrose alikufa ile baridi ya njaa. Mkewe alikwisha kuambiwa, yuko ndani kwa Gavana, na akitoka atatujia sisi rafiki za mumewe tumwonyeshe kaburi. Kaburi lenyewe hatulijui! Baridi ile tulizika gizani, kwa amri, tukasawazisha udongo ili majirani zetu wa msituni wasijue tulivyopungua. Baridi ilipokatika tukapanda mahindi juu ya wote, na sasa yametupita kimo.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Dhahabu. Jina hilo alilipata mwaka wa kwanza wa kuja kwetu huku, alipoacha kulima akachimba udongo unaong'aa, akaujaza melini, na huko London wakaumwaga.

— Mimi najua alipo. Karibu na kile kisiki.

— Wewe? akacheka Nahodha. Wewe uliyeshindwa kujua dhahabu na matope?

— Na wewe umeongoza chombo gani zaidi ya mtumbwi, tena ukazama?

— Ulizamishwa! Haya, Ambrose yuko huku mtoni. Nilimshika miguu mwenyewe.

— Ulimshika nani? Ulikuwa na homa, mimi uliniita mama.

— Basi nilishika miguu ya mtu.

Wakanigeukia mimi.

— Fundi Mapipa, mbona kimya?

— Mimi nilichimba tu, nikasema. Sikuuliza nani anaingia.

Akadakia Mahameli, mwungwana wetu, aliyekuja na makoti ya thamani bila kujua shoka linashikwa wapi. Baridi ile alikwangua wanga uliokaza kola za mashati yake akapika uji, na akatugawia. Kwa hiyo tukimcheka, tunacheka kwa adabu.

— Twendeni tukawaulize wenyeji.

— Tukawaulize nini?

— Maiti wetu walipo. Kwani mnadhani walikuwa hawatuoni? Wanakaa ng'ambo pale, wana macho. Watakwambia huyu yuko hapa, yule yuko pale. Waliofichwa ni sisi wenyewe.

— Mzee, hiyo mizizi imekupanda kichwani.

— Labda hata hakufa, akasema Dhahabu. Labda alivuka mto, kaoa huko, anakula mawindo, kanenepa.

— Kamwambie mkewe hivyo, halafu urudi utuonyeshe meno yaliyobaki.

Dhahabu akanywa, akafikiri. Tulimwogopa anapofikiri.

— Sikilizeni. Tuchague mahali pazuri, penye kivuli. Chini ya ule mforsadi. Tuseme ni pale.

— Tumdanganye mjane?

— Una kaburi jingine mfukoni, Nahodha?

Hakuwa nalo. Tukakubaliana, na mimi nikiwamo. Niliona ni huruma, na mpaka leo naona hivyo. Mtu amevuka bahari yote ile, umwambie nini? Umwonyeshe shamba?

Tamsini akaja jua likiwa bado juu. Mwanamke mfupi, midomo imepasuka kwa chumvi, amekumbatia kachungu kenye mche wa rosmari, mmea wa harufu wa huko kwetu. Mabaharia walikwisha kutusimulia kwamba safari nzima alikuwa akiunywesha maji ya posho yake.

— Mashemeji, hamjambo?

— Hatujambo, shemeji. Pole. Pole sana.

— Nimeshapoa.

Dhahabu akasimama, akanyoosha kidole, na sauti yake ikawa ndogo.

— Ni pale, shemeji. Chini ya mti ule.

Tamsini akautazama mti. Akayatazama mahindi, kisha akatutazama sisi, uso mmoja baada ya mwingine, na ya kaburi lilipo hakuyauliza.

— Asanteni, akasema. Ambrose hakuwa mwoga. Alichokuwa anaogopa ni kuugua peke yake tu. Hata mafua alitaka nikae ubavuni. Nani alikaa naye?

Baridi ile kila mtu alijifungia mlango wake, na Ambrose tulimkuta amekwisha kukakamaa.

Mahameli akavua kofia. Mimi nikachota kikombe cha mizizi, nikampa. Akakipokea kwa mikono miwili, akaketi kati yetu kwenye gogo, akangoja jibu.