Jairo Okomo, Fundi kwa Siku Mbili

Mzee Jairo Okomo alistaafu Jumamosi, tarehe 30 Juni 1962, baada ya kuitumikia karakana yetu ya malori ya pamba hapa Mirongo kwa miaka ishirini na minane. Katika miaka hiyo alikuwa fundi kwa siku mbili. Muda wote uliobaki alikuwa msaidizi wa fundi, na naomba msomaji asidhani hili ni kosa la mpiga chapa.

Alikuja mwaka 1934 kutoka kando ya ziwa upande wa Mara, mtoto wa wavuvi, akapewa ufagio. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ameshika spana. Baada ya mitano, halikutoka lori zima hapa ambalo hakuligusa. Lakini kanuni ilisema kadi ya kazi, ile karatasi inayoeleza gari lilikuwa na ubovu gani na nani kalitengeneza, itiwe sahihi na fundi mwenye cheti tu. Basi yeye akatengeneza, wengine wakatia sahihi. Wako mabwana waliorudi kwao Ulaya na sifa za injini ambazo hawakuwahi hata kuzifungulia boneti.

Sifa yake kubwa ilikuwa injini inayogonga wakati gari limesimama na linanguruma taratibu. Wengi wetu husikia kelele moja, tukaanza kufungua kila kitu. Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kisha akachomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Waya ukitoka na mlio ukabadilika, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo. Mlio mzito ni beringi ya mkono wa pistoni. Mlio mkali, unaogonga mara mbili mbili, ni pini ya pistoni iliyolegea. Dakika tano, kazi imekwisha.

Dakika hizo tano ndizo zilizomponza. Mwaka 1954 aliruhusiwa kufanya mtihani wa ufundi. Mtahini alikuwa amelegeza beringi ya silinda ya tatu kwa makusudi. Mzee Jairo akasikiliza, akasema beringi ya tatu imelegezwa na mtu, tena jana tu. Lakini pini ya silinda ya kwanza imelegea yenyewe, na hiyo ndiyo itakayoliua gari. Fomu ilikuwa na nafasi ya ubovu mmoja. Mtahini aliandika kwamba mtahiniwa anasikia sauti zisizokuwepo, akamwangusha. Beringi ikakazwa, gari likarudi barabarani, na wiki ya tatu likavunja pistoni ya kwanza njiani kwenda Magu. Matokeo ya mtihani hayakubadilika. Pistoni haikuwa na mamlaka ya kusahihisha mitihani.

Kisha Uhuru ukaja. Mwezi Machi mwaka huu Mzee Jairo aliiomba kamati mpya ya karakana irekebishe matokeo yale, kwa sababu alitaka jambo moja: atie sahihi kadi moja kabla hajaondoka. Kamati ilikuwa ya Waafrika watupu, nusu yao wamefundishwa kazi na yeye. Ikajibu kwamba kanuni haziruhusu. Mkoloni alikunja bendera yake akaenda zake. Fomu alituachia, nasi tukaipokea kwa mikono miwili. Nasema sisi kwa sababu nilikuwamo katika kamati ile, na mkono niliunyosha pamoja na wenzangu. Ili roho zetu zitulie, tukamwahidi cheti cha heshima.

Alikikataa. “Cha heshima mpeni mgeni,” alisema. “Mimi nipeni mtihani.”

Ulifanyika Jumanne, tarehe 19 Juni. Mtahini alikuwa Kashindye, ambaye alishikishwa spana ya kwanza na Mzee Jairo mwenyewe, na siku hiyo hakujua aweke wapi macho.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Washa injini yako.”

Ikawashwa. Alisikiliza muda mfupi tu, akasema ni pini ya silinda ya nne. Kashindye akakohoa. “Ndiyo, Mzee. Ila fomu inataka ufungue kwanza.”

Basi akafungua. Aling’oa kila kitu, akapima silinda zote sita, akaosha, akarudisha, akajaza kila nafasi kwenye fomu. Ikamchukua saa sita nzima. Dereva Mhoja alipita akamkuta amezungukwa na vyuma chini, akasimama. “Mzee Jairo, leo umekuwa kiziwi?”

“Leo nafanya kazi ya ofisi,” akajibu, bila kuinua kichwa. “Ya gari niliimaliza asubuhi.”

Alifaulu. Ili aitwe fundi, ilimbidi siku moja afanye kazi kama asiye fundi, na aliifanya vizuri mno.

Cheti kilifika Ijumaa, tarehe 29. Kesho yake Mhoja alileta lori lake likigonga. Saa nne lilikuwa zima, na kadi ikawekwa mbele ya Mzee Jairo. Aliinama juu yake muda mrefu.

“Mzee, ni sahihi au ni barua? Pamba inaningoja.”

“Nawe ningoje. Mkono huu haujazoea karatasi.”

Kadi hiyo ninayo mezani. Inasema: injini ilikuwa ikigonga, imetengenezwa, J. Okomo, fundi. Herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.

Limebaki moja. Jalada la ratiba hii ya sherehe ya kumuaga lilipigwa chapa mwezi Mei, na chini ya jina lake limeandikwa “msaidizi”. Ofisi inasema haliwezi kubadilishwa. Kila aliye na kalamu hapa ukumbini alikate neno hilo sasa hivi, aandike lililo la kweli, na wakubwa wa meza kuu waanze.

Mzee Jairo, asante kwa kazi uliyoifanya kwa majina yetu. Wewe na mkeo, Mama Perez, mfike Mara salama, mle samaki wabichi, na nyumba yenu iwe na utulivu wa injini uliyoitengeneza wewe.