Mwaka Mmoja Alioutaka

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mama mshona magodoro na baba karani wa ghala, ambaye alitangulia mwaka 2009. Mama yake mzazi, aliyekaa hapa mbele yetu, anasema mtoto huyu alitoka kimya hadi mkunga akamfinya kisigino, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena jambo lisipomridhisha. Wasifu huu unasomwa na wifi yake, dada mkubwa wa mume wake. Nimeambiwa wasifu hausemi "mimi". Nitajitahidi, lakini sitoi ahadi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1998 na kumaliza shule ya msingi mwaka 2004, kisha sekondari kuanzia 2005 hadi 2008. Hesabu zilimpiga chenga, ila kwenye imla hakuna aliyemfikia. Akiwa darasa la sita alipewa barua ya mwalimu mkuu awapelekee wazazi, akaisoma njiani, akairudisha shuleni ikiwa imezungushiwa makosa manne kwa kalamu nyekundu. Alifagia ofisi ya mwalimu mkuu wiki nzima. Aliwahi kusema kwamba angerudia, maana makosa yenyewe yalikuwa matano na la tano aliliona baadaye.

Baada ya kupata cheti cha uchapaji mwaka 2011, aliajiriwa tarehe 2 Aprili 2012 katika duka la uchapishaji, kile chumba kirefu chini ya ngazi chenye mashine mbili na feni moja. Alifanya kazi hapo hadi ugonjwa ulipomtoa. Tajiri wake, ambaye wote tunamwita Mzee Wino kwa sababu ya mikono yake, anashuhudia kuwa marehemu hakuruhusu namba ya simu iingie mashineni kabla hajaipigia mwenyewe kuhakikisha. Wateja walilalamika kwamba anawachelewesha. Yeye aliwajibu kwamba karatasi mia tano zenye kosa haziombi radhi.

Kazi iliyomjia kila wiki ilikuwa ratiba za mazishi kama hii mliyoishika. Alichapa wasifu wa watu wengi kiasi kwamba maneno mengine yalimchosha. "Kila mtu aliugua kwa muda mfupi, na kila mtu alivumilia kwa ujasiri," alilalamika. "Waliwauliza lini?" Mwezi uliopita alinishika mkono akasema, "Wifi, ukiandika kwamba nilivumilia, nitakaa kitako hapohapo nilikate hilo neno." Kwa hiyo sijaliandika. Hakuvumilia. Alikasirika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Alikutana na mume wake, fundi wa majokofu, mwaka 2018, huyo fundi alipopeleka dukani kadi zake za biashara zikachapwe. Marehemu akaipigia ile namba kama kawaida yake, akapokea mama mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu na asiyejua chochote kuhusu majokofu. Mdogo wangu alikuwa amekosea namba yake mwenyewe. "Mwanaume asiyejua anapopatikana," marehemu alitusimulia siku tulipomkaribisha nyumbani, "nikaona afadhali nimshike mimi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 2019, wakapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu. Mimi ni mpishi wa shule, na nimezoea kutoa amri. Yeye alizoea kusahihisha. Miezi ya kwanza tulinuniana sana, kisha tukawa tunakula pamoja kila jioni.

Binti yao alizaliwa tarehe 9 Agosti 2021. Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa tarehe 20 Novemba 2023.

Hapa ndipo pazito kwa msomaji. Mwezi Agosti 2023, mimba ikiwa na miezi sita, marehemu aliniita chumbani, akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye titi lake la kushoto. Kulikuwa na kitu kigumu, kama punje ya hindi kavu. Mimi nimenyonyesha watoto wanne, nikajiona daktari. Nikamwambia, "Maziwa hayo yanajiandaa." Mtoto alipozaliwa na ile punje ikawa imekua, nikamwambia, "Sasa yameganda." Nikachemsha maji, nikamkanda kwa taulo asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na mtoto akanyonya upande huohuo. Kliniki alikwenda kila mwezi. Walimpima mtoto uzito, wakaandika kwenye kadi, wakamwambia mama mtoto anaendelea vizuri. Mtu aliyempigia simu kila mgeni kuhakiki namba yake aliniamini mimi bila kuhakiki, kwa sababu nilikuwa wifi yake na nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nimemwomba msamaha mara nyingi. Alinijibu kwamba amenisamehe, na kwamba bado ana hasira, na kwamba vyote viwili ni kweli.

Tarehe 26 Februari 2024 aliambiwa ni saratani na kwamba imeshafika kwenye ini. Nilikuwa naye katika chumba kile, kiti kimoja chake na mimi nimesimama na mtoto mgongoni. Daktari alieleza mengi. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Daktari, mtoto anaanza kumkumbuka mtu akiwa na umri gani?"

"Unamaanisha kumtambua?"

"Hapana. Kumkumbuka. Akiwa mkubwa, mtu huyo hayupo."

Daktari alisema watoto hawafanani, lakini wengi huanza kubaki na kumbukumbu wakiwa na miaka mitatu na nusu, minne. Binti yake siku hiyo alikuwa na miaka miwili na nusu. Marehemu akahesabu kwa vidole juu ya paja lake, akasema, "Basi nipe mwaka mmoja. Huyu wa mgongoni nimeshamkosa, lakini yule wa nyumbani nataka anikumbuke. Mwaka mmoja tu." Daktari aliitazama kalamu yake.

Kuanzia hapo hakutaka kitu kingine. Kabla ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani aliagizwa amwachishe mtoto ziwa, naye alikuwa na miezi mitatu na nusu. Siku mbili mtoto aliikataa chupa, akalia kwangu hadi sauti ikamkauka, na mama yake akiwa chumba cha pili, gauni limelowa maziwa kifuani. Siku ya tatu mtoto akaikubali chupa. Marehemu alipoambiwa alisema, "Vizuri," akageukia ukutani.

Mwezi Aprili nywele zilianza kutoka. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba mtoto hukumbuka zaidi jambo la ajabu. Akamweka binti yake juu ya meza, akampa mkasi, akamwinamishia kichwa. "Kata, mama, kata popote." Binti alikata kwa raha zake zote. Alitoa vipande, akaacha vichaka, akapiga makofi, na sisi tuliosimama pale tulicheka hadi machozi, naye akicheka kuliko wote. Alisema hili halisahauliki. Wiki moja baadaye akamwita, akamwonyesha kichwa.

"Nani alimnyoa mama?"

Mtoto akafikiri. "Baba."

"Baba yako hata msumari hapigi bila kujiumiza," marehemu alimwambia. Tukacheka tena, ila yeye hakucheka muda mrefu.

Mwezi Julai kinga yake ya mwili ilishuka sana, na daktari akaagiza asikaribiane na mtu mwenye mafua. Binti alikuwa na mafua. Tukamhamishia kwangu, hatua ishirini tu kutoka mlango hadi mlango. Mafua yalipoisha kikaja kikohozi, kikohozi kilipoisha mdogo naye akaanza kupiga chafya, na zile siku chache zikawa wiki tano. Marehemu alimwona binti yake kupitia dirishani. Alimpungia mkono. Mwanzoni mtoto alipunga naye, baadaye akawa anapunga akiambiwa, baadaye akawa ana shughuli zake. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha, nikamlaza. Watoto wangu wakubwa wananiita mama, naye akaanza kuniita hivyohivyo. Siku ya kwanza nilimsahihisha. Siku ya pili nilimsahihisha. Kisha nikachoka, kwa maana nilikuwa na mtoto mchanga begani na sufuria jikoni, nikaitika.

Marehemu alisikia. Dirisha lake lilikuwa wazi.

"Wifi," aliniambia nilipomwingizia maji ya kunywa, "usimgombeze."

"Nitamfundisha upya. Ni mtoto tu, anachanganya."

"Hachanganyi. Anamwita anayemwosha." Kisha akasema, akiwa na hasira ile niliyoizoea, "Mnanitunza nisife ili nimwone, na mnanizuia nisimwone ili nisife. Hebu nieleze, wewe mwenye kujua kila kitu."

Nilikuwa nafuata maagizo, na safari hii maagizo yalikuwa sahihi.

Tarehe 9 Agosti binti alitimiza miaka mitatu. Siku nne baadaye majibu yalionyesha kuwa dawa hazifanyi kazi tena, na dripu zikasitishwa. Hakukuwa tena na sababu ya kuwatenganisha. Tulihamishia kitanda chake chumba cha mbele, tukamrudishia binti yake, tukadhani tumerekebisha. Lakini mwanamke aliyekuwa juu ya kile kitanda alikuwa na macho ya manjano, mwembamba, ananuka dawa, na mtoto alimwogopa. Alisimama mlangoni ameshika sketi yangu. Marehemu alimwimbia, akamfanyia kidole gumba kuwa mtu mwenye kofia, akamwahidi mambo. Siku nyingine mtoto alisogea hadi miguuni mwa kitanda, na siku hiyo nyumba nzima ilifurahi. Kesho yake alirudi mlangoni.

Mzee Wino alikuja Septemba na wazo zuri, kwamba amchapie kitabu kidogo cha picha na maneno, binti akisome atakapokua. Marehemu alimshukuru, akakataa. Alisema amechapa watu wa karatasi miaka kumi na moja, na anajua kilichomo ndani yao. Alitaka mtoto amkumbuke yeye, si asome habari zake. Mdogo wangu alilia mbele ya mgeni, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Marehemu akamwambia afute pua, wageni wapo.

Jumapili tarehe 20 Oktoba aliomba binti aletwe alale pembeni yake mchana. Nilimweka. Mtoto alikaa dakika chache akiwa amejikaza, kisha akaninyooshea mikono, akasema, "Mama, twende." Marehemu akamshika kisigino kidogo, akakiachia. Akaniambia, "Nenda naye." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi, na yalikuwa ya upole, jambo lililonitisha kuliko kama angenigombeza.

Alifariki Jumanne, tarehe 22 Oktoba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, katika chumba cha mbele, mume wake akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa uani namwosha binti yake. Alihitaji miezi kumi na miwili. Alipata minane kasoro siku chache, na katika hiyo sisi tulimnyang'anya mmoja na zaidi.

Marehemu ameacha mama mzazi, kaka wawili, mume, wifi mmoja, Mzee Wino ambaye ameichapa ratiba hii kwa mikono yake na kuomba radhi kwa makosa yatakayoonekana, na watoto wawili, wa kiume mwenye miezi kumi na moja, na wa kike mwenye miaka mitatu na miezi miwili.

Jana ratiba hizi zilipoletwa nilimpakata yule binti, nikamwonyesha picha ya jalada, ile ya mwaka 2020, mashavu yamejaa, nywele zake zote kichwani. Nikamuuliza huyu ni nani. Aliitazama vizuri, hakuharakisha, kwa maana ni mtoto mwangalifu, amerithi kwa mama yake. Kisha akaweka kidole juu ya uso ule, akaniuliza kwa adabu, "Huyu ni mama wa nani?"

Nilimjibu. Akasema, "Haya," akashuka kwenda kucheza.

Alale, wifi yangu, apate pumziko ambalo sisi hatukumpa.