Taa za Kofia za Musonoi

Bamama wenye batoto mu mashimo, musikie hii.

Ndani ya taxibus ya Musonoi, mama Ndaya alikaa nyuma ya kijana mwenye boksi ya taa za kofia kwenye magoti. Kijana alikuwa anamweleza jirani yake, tata Kabemba, creuseur wa zamani, mchimbaji wa mashimo, namna anapamba boîte yake, nyumba ya kucheza muziki usiku: kuta za udongo mwekundu, plafond, ile dari, ya chini sana, giza kama shimoni.

“Taa ni za kweli, tata. Nilinunua kwa bacreuseurs.”

“Creuseur hawezi kuuzisha taa yake.”

“Eh, tata! Batu batakuja kucheza, haiko matanga!”

“Basi zima ile taa yenye kuwaka.”

“Haina pile, hata betri moja.” Kijana alicheka, peke yake. “Inawaka tu tangu nilipoiokota.”

“Si ulinunua?”

“Bon... ilikuwa pembeni ya shimo yenye kuanguka.”

Ndaya akainua shingo. Kwenye mukaba wa taa aliona fundo la kitenge cha buluu, alilolifunga yeye mwenyewe. Ilikuwa taa ya mutoto wake Mechack, aliyeapa ameacha kuchimba, anafanya kazi mbali, kule Fungurume.

“Irudishe!” alisema tata.

“Nirudishe wapi? Pale pamefungwa.”

Taxibus ikasimama. Ndaya akanyoosha mukono, akaigusa. Ilikuwa moto, kama paji la mutoto mwenye homa.