Harufu Ndani ya Madumu ya Maziwa

Ndugu Mgeni Rasmi, uliyetoka mkoani ukapanda matope ya Kansay mpaka hapa,

Sisi akina mama wauza maziwa tunakukaribisha. Viatu visikutie aibu, vyetu ni hivyo hivyo.

TULIKOTOKA

Zamani maziwa tuliyabeba kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini. Mwaka jana, 1982, tukaambiwa kituo cha maziwa hakipokei tena kibuyu, eti ni uchafu. Tukaletewa madumu ya plastiki, yameshatumika, karatasi za ubavuni zenye jina la kilichokuwamo zimekwanguliwa kwa kisu. Mwenzetu Germana akamuuliza aliyeyaleta, "Baba, humu kulikuwa na nini?"

Akajibu, "Mama, wewe unauza maziwa au unauza karatasi?"

Tukacheka. Sasa hatucheki.

MAFANIKIO

Dumu halipasuki punda akijikwaa. Kwa hilo tunashukuru.

MATATIZO

Siku ya kwanza tuliyafukiza madumu kama vibuyu, ndivyo tulivyozoea. Moja likajikunja, likatoa moshi mweusi na kudondosha matone. Bibi Marsela akasema, "Kibuyu gani hiki kinalia?" Hilo tulilitupa. Lakini hata yale ambayo hayakuona moto, ukitia maziwa yenye joto la kukamuliwa, harufu inapanda puani kama dawa ya josho la ng'ombe. Tumesugua kwa majivu, tumeanika juani. Inarudi.

Maziwa yanayobaki humo ndiyo wanayokunywa watoto wetu. Mtoto wa Germana anaharisha tangu mavuno. Hatusemi ni dumu, hatujasoma kiasi hicho. Ila ndama wake aliyefiwa na mama anayakataa, na ndama hajui siasa.

MAOMBI

Dumu moja likapimwe, na majibu yafike kwetu, yasiishie ofisini. Mpaka hapo, kituo kipokee vibuyu. Tukilikataa dumu leo, maziwa hayanunuliwi. Tukilikubali, mtoto wa Germana anaendelea kunywa.

Ndugu Mgeni Rasmi, maziwa ya kikombe kilicho mbele yako yametoka kwenye dumu. Tuliagizwa tukukaribishe kwa chombo cha kisasa. Kibuyu kipo chini ya meza, karibu na mguu wako wa kulia. Hatukuchagulii. Tunakutazama tu.

Mungu akushike mkono njiani, na tumbo lako lilale salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wauza Maziwa, Kansay.
Imesomwa na Katarina Tluway.